Msokoto wa bangi ni shilingi 50. Gharama iliyobaki niliiandika kwenye daftari la viazi

DadaWaViazi, Nakuru

Mulembe wadau. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie.

Juzi kijana mmoja alisimama kibandani kwangu akinunua viazi vya mia. Huku napima, yeye yuko kwa simu anauliza mwenzake, "Siku hizi ni ngapi?" Akajibiwa, akacheka, akasema, "Bado ni hamsini? Basi niwekee tatu." Ana uso wa mtoto. Nilimfungia viazi vyake nikashindwa kusema chochote, na tangu siku hiyo maneno yamenikaa kifuani. Acha niyatoe hapa.

Nauza viazi na vitunguu soko la Wakulima. Magari ya Molo na Mau Narok yanashusha alfajiri, na kila gunia naliandika kwenye daftari: limetoka wapi, limenunuliwa ngapi, limebaki nini. Ukiligeuza daftari hilo uanzie nyuma, kuna hesabu nyingine. Ni ya mdogo wangu, kitinda mimba wetu.

Alianza kuvuta akiwa kidato cha pili, miaka 16. Sikujua. Alipomaliza shule mwaka 2021 akaja kukaa nami Kaptembwa, nikamlipia dipoziti ya pikipiki, 35,000, iliyobaki alipe kidogo kidogo kila siku. Alikuwa kijana wa kazi. Saa kumi na moja unusu tayari yuko steji, na jioni ananiletea maziwa bila kuombwa. Harufu niliisikia kwenye koti lake, nikamuuliza. Akaniambia, "Dada, hii ni ya kutoa baridi tu. Halafu si itahalalishwa hivi karibuni?" Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, mgombea urais Prof. Wajackoyah anazunguka nchi akiahidi bangi ilimwe tulipie madeni, na pale steji vijana walizungumza kana kwamba sheria tayari imebadilika. Haikubadilika.

Bei nilikuja kuijua vizuri kuliko nilivyotaka. Msokoto wa kawaida, ule wa kutoka upande wa mpakani Migori, ni hamsini. Ule wanaouita Shash, wa kutoka Ethiopia, ni mia, wakati mwingine zaidi. Alianza na mmoja jioni. Kufikia katikati ya 2022 ilikuwa minne kwa siku: mmoja kabla ya kazi, mmoja mchana, miwili usiku. Hizo ni 200 kwa siku, 6,000 kwa mwezi, 73,000 kwa mwaka. Mimi chumba changu nalipa 4,500. Na hapo sijahesabu njaa inayokuja baadaye. Naweza kuacha sufuria ya wali wa watu watatu, nikirudi nimekuta kijiko ndani na hakuna punje.

Lakini pesa hiyo ilikuwa yake, ya jasho lake, sikuiandika. Naandika ile iliyotoka kwetu sisi tusiovuta.

Oktoba 2022 alikamatwa steji na misokoto miwili kwenye soksi. Kuna mtu kituoni alitaka "tumalizane" kwa 8,000. Sikuwa nazo, na pia niliogopa kuzoeana na njia hiyo. Alilala seli siku mbili, akapelekwa kortini, akakiri. Faini 15,000 au miezi mitatu ndani. Nikalipa. Nauli, chakula cha seli na kibanda kufungwa siku hizo, 3,600. Nilidhani yamekwisha. Baadaye akaomba kazi ya ulinzi, wakataka cheti cha mwenendo mwema, na kosa lile likatokea pale. Kazi ikaenda.

Machi 2023 akaacha kulala. Usiku wa kwanza nilifikiri ni mawazo. Wa pili, wa tatu, wa nne, anatembea tu kutoka mlangoni hadi dirishani. Akasema redio ya jirani inamtaja. Nikamwambia ni matangazo ya vifo tu, sikiliza vizuri. Akaniangalia kama mtu aliyenihurumia. Asubuhi nilikuta ameitoa balbu akaifunga kwenye soksi, simu yake ameitia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia na juu yake ameweka mchi. Dirisha ameliziba na gunia langu la viazi, amelipigilia misumari. Akaninong'oneza, "Dada, ukiongea, ongea ukiangalia chini."

Nawaambia ukweli, sikufikiria hospitali. Tulifikiri amerogwa, kuna mtu wa nyumbani Khwisero ambaye tuna kesi naye ya shamba. Tukampeleka kwa mtu, 6,000, na mbuzi wa mama ambaye sikumtia kwenye hesabu. Tulipoteza wiki saba hivyo. Wiki saba akiwa hali chakula, hajui jina la mama yake siku nyingine. Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo.

Mei akalazwa wodi ya magonjwa ya akili, siku 19. Bili 31,400. Dawa na sindano ya kila mwezi, 1,200, miezi 14 niliyolipia, 16,800. Pikipiki ilikuwa imechukuliwa na waliotukopesha, ile 35,000 ikapotea. Alipotoka alikaa vizuri, kisha Oktoba akarudia kuvuta, na mambo yakaanza upya. Nikamtia kituo cha kurekebisha tabia, miezi mitatu, 30,000 kila mwezi. Mama aliuza ng'ombe, mimi nikakopa chama. Mwezi wa kwanza hakuonwa na daktari hata siku moja. Dawa nilizoziacha langoni nilizikuta bado zimefungwa kwenye mfuko uleule wa karatasi, fundo nililofunga mimi.

Nimejumlisha: 197,800. Ukigawanya kwa hamsini ni misokoto 3,956. Ndiyo bei niliyotaka kumwambia yule mtoto wa viazi vya mia.

---

FundiWaKondele, Kisumu

Pole sana dada, kwa moyo wote. Nimesoma hadi mwisho.

Lakini nami niseme langu bila kukuvunjia heshima. Navuta miaka 11. Ni fundi wa magari, nina watoto wawili, karo nimelipa, sijawahi kumpiga mtu wala kusikia redio ikinitaja. Hapa mtaani nimezika marafiki wanne kwa pombe, na wengine wamepofuka kwa chang'aa iliyotiwa madawa. Sijamzika yeyote kwa bangi. Ukiangalia hesabu yako, karibu 20,000 ni ya seli na korti, na ile kazi ya ulinzi iliondoka kwa sababu ya sheria. Sheria ndiyo iliyomnyima kazi. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alileta hoja ya kuihalalisha bangi mwaka 2018, akaitwa majina. Mwaka huohuo mahakama ya katiba ya Afrika Kusini ikaamua mtu mzima akivutia nyumbani kwake si mhalifu. Mbona sisi bado tunajaza seli kwa misokoto miwili?

---

DadaWaViazi

Kaka, kuhusu seli nakuunga mkono. Siku zile mbili hazikumsaidia kitu. Alitoka na kikohozi na chawa, na jioni hiyohiyo akavuta. Kama ile 15,000 ingelipia daktari badala ya faini, pengine Machi ingepita tofauti.

Ila sheria haikuigusa ile balbu, kaka. Redio haikuletwa na polisi. Na mimi sikujua kama ndugu yangu ni wa aina yako au ni wa aina ya kuugua hadi ilipokuwa imetokea. Hakuna anayejua akiwa na miaka 16.

---

Muuguzi_Akili, Kakamega

Nafanya kazi wodi ya akili, mwaka wa tisa sasa. Nimshukuru dada, maana familia nyingi huficha. Naomba nijibu lile alilogusa mwishoni, kwa nini mmoja anavuta miaka 11 na mwingine anavunjika kwa mitano.

Kitu kinacholevya kwenye bangi kinaitwa THC. Kinashika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu, hofu, wakati, na kuamua kipi ni cha maana na kipi si cha maana. Mtu aliyelewa bangi anaweza kuona maana mahali ambapo hakuna. Kwa wengi inapita baada ya saa chache. Kwa wachache haipiti. Wachache hao mara nyingi wana mambo matatu: walianza wadogo, wanavuta kila siku, na wanavuta kali. Ongeza la nne, kuwa na ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili. Ubongo unaendelea kujijenga hadi karibu miaka 25, kwa hiyo anayeanza kidato cha pili anavutia juu ya nyumba ambayo bado inajengwa. Fundi, wewe ulianza ukiwa na miaka mingapi? Sikuulizi kwa ubaya.

Kuhusu uraibu, watu husema bangi haishiki. Inashika. Kwa wanaojaribu, takriban mmoja kati ya kumi anaishia kushikwa, na kwa wanaoanza utotoni ni karibu mmoja kati ya sita. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulihesabu Wakenya 518,807 wa miaka 15 hadi 65 waliokuwa wakitumia bangi wakati huo, na karibu nusu yao, asilimia 47.4, walikuwa tayari waraibu. Akiacha ghafla hafi, lakini wiki ya kwanza ni nzito: hasira za bure, jasho usiku, hana hamu ya kula, usingizi hauji, na ukija ni ndoto za ajabu. Wiki mbili hivi inapungua. Familia ikiona zile hasira husema "afadhali avute atulie". Hapo ndipo tunapowapoteza.

Kuna na wengine huja kwetu wakitapika, wametapika wiki nzima, wamepimwa malaria, typhoid na vidonda vya tumbo, hakuna kitu. Ukiwauliza kinachowatuliza wanasema kuoga maji moto, wanaoga mara nne, tano kwa siku. Hiyo ni alama ya wavutaji wa muda mrefu. Ukiona mtu wako yuko hivyo, mwambie daktari ukweli kuhusu bangi, mtaokoa pesa za vipimo.

Na dada, zile wiki saba usijiadhibu nazo. Wengi wanaokuja kwangu wamepitia kwingine kwanza. Ulimleta.

---

FundiWaKondele

Nilianza nikiwa na 23, muuguzi. Nilikuwa tayari nimeoa.

Hilo la umri sikuwahi kuliweka kwenye hesabu.

---

Boda_Busia

Nami naendesha boda, hapa mpakani. Kwetu ni rahisi hata kuliko Nakuru, haihitaji kutafutwa. Wenzangu wanasema inaongeza macho barabarani. Mwaka jana mmoja wetu alibeba abiria wawili, alikuwa amevuta nusu saa kabla. Lori la kwenda Uganda lilikuwa limesimama, taa zote zinawaka, yaani limesimama kabisa kwenye foleni. Aliliona. Alituambia mwenyewe hospitalini kwamba aliliona, ila mkono ulichelewa kufika kwenye breki. Mguu wake umetiwa chuma. Abiria mmoja, mama wa makamo, hakuamka tena.

Sina la kuongeza. Siku hizi mwenzangu akivuta mbele yangu, mteja wake nambeba mimi.

---

Msomi_Njoro

Niko chuo, mwaka wa pili. Huku sasa wengi hawavuti, wanakula. Keki, biskuti, hata mabuyu. Keki moja 200. Hakuna harufu, unaila darasani mbele ya mhadhiri. Nilinunua mwezi wa pili, nikala nusu yake, ilikuwa saa mbili usiku. Dakika arobaini, hakuna kitu. Nikasema nimeibiwa, nikamaliza nusu iliyobaki. Saa nne ikanifikia yote kwa pamoja. Moyo ulikuwa unapiga hadi nikawa nauona kwenye fulana. Nilishika ukuta nikiamini nikiuachia nitaanguka juu, kwenye dari. Mwenzangu wa chumba alikaa nami hadi saa kumi na moja asubuhi akinishika mkono, na mtihani wangu ulikuwa saa mbili. Sikuufanya. Nitaurudia mwakani na kuulipia.

Muuguzi, hiyo ni kawaida au ilikuwa imetiwa kitu kingine?

---

Muuguzi_Akili

Inaweza kuwa bangi yenyewe tu. Ukivuta, inafika kichwani kwa dakika chache. Ukiila, lazima ipite tumboni na kwenye ini, inachukua nusu saa hadi saa mbili, na ikishafika inakaa saa nyingi zaidi. Wengi hurudia kosa lako hilohilo, wanadhani haifanyi kazi wanaongeza. Halafu aliyeoka keki hapimi. Kipande kimoja kinaweza kuwa na nguvu maradufu kuliko cha pembeni yake, kutoka sufuria moja. Mtoto mdogo akikiokota mezani akala, huyo ni wa kukimbizwa hospitali usiku huohuo, usingoje aamke.

---

Mama_Chepkoilel

Nimesoma nikilia. Mwanangu ana miaka 15, yuko bweni upande wenu wa Nakuru. Alipokuja likizo nilifungua sanduku lake kutafuta sare ya kufua, nikakuta karatasi za kusokotea zimefichwa ndani ya Biblia, na kiberiti. Sijamwambia baba yake, maana najua atampiga hadi amvunje. Nikiripoti shuleni watamfukuza. Nikienda kituoni nasikia ni miaka mitano. Nimekaa na jambo hili siku sita. Dada, wewe ungerudi nyuma ungefanya nini?

---

DadaWaViazi

Mama yangu, pole.

Kituoni usiende. Ile miaka mitano, au faini isiyozidi 100,000, ndicho kiwango cha juu ambacho sheria ya 2022 imeweka kwa mtu mzima aliyekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe. Anayeonekana kuuza ndiye wa mamilioni. Wako ni mtoto, na umekuta karatasi.

Ningerudi nyuma ningemuuliza. Mimi nilisikia harufu kwenye koti, nikauliza mara moja, nikajibiwa uongo mtamu nikaupokea kwa sababu nilitaka uwe kweli. Ningemuuliza tena kesho yake. Ningemuuliza anavuta na nani, anavuta akiwa na nini moyoni, maana ndugu yangu alikuja kuniambia baadaye sana, wodini, kwamba alianza mwaka aliofariki baba. Miaka hiyo yote sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili.

Halafu piga 1192, ni ya NACADA, hulipi kitu. Mimi niliijua nikiwa tayari nimemaliza ng'ombe wa mama. Na ukiambiwa umpeleke kituo chochote, uliza kama kimesajiliwa na NACADA, uliza daktari anakuja siku gani, na ukatae kuacha dawa langoni. Ingia nazo.

---

Muuguzi_Akili

Naongeza mawili tu, mama. Uliza upande wako na wa baba yake kama kuna aliyewahi kuugua akili, hata yule mjomba ambaye watu husema "alisoma sana akachanganyikiwa". Kama yupo, mwambie kijana waziwazi kwamba kwake yeye hatari ni kubwa kuliko kwa wenzake. Vijana hukubali sababu wakipewa ya kweli. Ukimwambia bangi inaua, na amewaona wenzake wakivuta wakacheka, hatakuamini tena kwa lolote.

La pili, mambo ya kuangalia: halali usingizi, anajitenga, anashuku watu waliokuwa rafiki zake, maneno yake yanaruka hayafuatani. Ukiona hata mawili, usingoje likizo.

---

FundiWaKondele

Mama, nami niongeze. Mwanangu mkubwa ana 13. Jana usiku baada ya kusoma hapa nilivutia nyuma ya nyumba kama kawaida, nikageuka nikamkuta amesimama mlangoni. Sijui amesimama hapo mara ngapi miaka yote hii. Sijaacha, sitadanganya. Lakini nyumbani kwangu haitawashwa tena.

---

Mama_Chepkoilel

Asanteni sana. Nimepiga 1192 asubuhi, akapokea mama mmoja mpole, tumeongea karibu saa nzima. Jana usiku nilimuuliza kijana. Alikataa, kisha akakubali, kisha akalia kama mtoto mdogo. Ni tangu muhula wa pili, wako watano, wanainunua kupitia ua wa shule. Amesema anataka kuacha lakini anaogopa wale wengine. Jumatatu namrudisha mwenyewe, sitampandisha gari peke yake. Dada, ndugu yako sasa yuko aje?

---

DadaWaViazi

Yuko hapa kibandani, mama. Amenenepa kwa sababu ya dawa, na mikono inamtetemeka kidogo akipima, kwa hiyo wateja wengine hufikiri ni mlevi. Simkatazi mtu kufikiri. Analala usiku wote. Mwezi uliopita alianza tena kuniletea maziwa.

Nimemsomea ulichoandika. Alinyamaza muda, akaendelea kupanga vitunguu, kisha akasema, "Mwambie aje naye. Nitaongea naye mimi." Sijamsikia akijitolea kitu tangu alipougua.

Kwa hiyo Jumatatu mkifika Nakuru msiende shuleni moja kwa moja. Njooni Wakulima, ingieni lango la juu, ulizeni dada wa viazi vya Molo. Njooni kabla ya saa nne, maana saa nne tunatoka kwenda kliniki, ni siku yake ya sindano.